Sifuri Nayo Iandikwe

Karafuu haimsubiri nyuki. Sisi tuliolelewa Kengeja, kisiwani Pemba, tunalijua hilo kwa mikono yetu kabla ya kulijua kwa akili. Karafuu huchumwa ingali imefumba, pale vichwa vinapoanza kupiga wekundu, na ikiwahi kuchanua juu ya mti imeshashuka thamani. Msimu unapopamba moto kijiji kizima huwa mbioni kuliwahi ua lisifunguke. Wapandaji wako juu ya mikarafuu tangu asubuhi, jioni watu wamekaa barazani wakitenga karafuu na makonyo, kukicha majamvi yanatandikwa juani, na mazungumzo yote ni pishi ngapi na bei gani. Mtoto anayekulia ndani ya shughuli hizo hujifunza, bila ya kufundishwa na mtu, kwamba ua lililofunguka ni hasara.

Nadhani ndiyo maana wengi wetu tumefika utu uzima bila ya kuyaangalia maua. Tunajua mkarafuu upi ni wa nani na ulizaa kiasi gani mwaka wa neema. Tunajua mwembe upi una nyuzi na shelisheli lipi linafaa kuchoma. Lakini ukituuliza ni mdudu gani anayekuja kwenye ua la mbaazi saa tatu asubuhi, tutajibu "nyuki" ili yaishe. Jicho letu lilifundishwa na soko, na soko halikuwahi kumlipa mdudu.

Mwaka ambao karafuu ni nyingi na wapandaji hawatoshi, husalia miti isiyofikiwa. Hapo ndipo mkarafuu unapofanya ulichokusudia kufanya tangu mwanzo. Kifuniko kidogo cha ua hudondoka, na ndani yake hutoka nyuzi nyingi nyeupe zenye unga wa chavua, mpaka mti unabadilika rangi. Nilisimama chini ya mmoja wa miti hiyo, kwenye mteremko unaoshukia bondeni, na kilichonisimamisha ni sauti. Mti mzima ulikuwa ukivuma. Walikuwamo nyuki wa asali, walikuwamo nyuki wakubwa weusi wanaotoboa boriti za nyumba zetu, nzi wenye migongo ya kung'ara, na juu kabisa ndege wawili aina ya chozi wakifukuzana. Nikajiuliza hawa wote wanakula wapi siku ambazo mkarafuu huu haujachanua, na kama mwaka jana walikuwa wengi zaidi au wachache zaidi. Hayo hayakuwa maswali ya mtu kujibu kwa kukisia.

Si kwamba nyuki ni mgeni kwetu. Chuoni tulihifadhi sura ya Kurani iliyopewa jina lake, An-Nahl, tukiwa wadogo hata maana hatujaipata. Asali tunaiweka kwa kikohozi na kwa mzazi. Lakini kumheshimu mtu ni jambo moja, na kukaa naye ukamjua ni jambo jengine, na nyuki wetu tumemheshimu kwa mbali.

Nisitie chumvi. Wali wetu haumhitaji nyuki, kwani mpunga hujichavusha wenyewe. Muhogo tunapanda kipande cha mti. Ndizi hujaa bila ya kuchavushwa. Mtu wa Pemba atashiba hata nyuki wakimtoroka. Lakini angalia kinachobaki kando ya huo wali. Boga, tango na tikiti zina ua la kiume na ua la kike mbalimbali, na lazima awepo wa kuichukua chavua hapa na kuipeleka pale. Pasheni humtaka nyuki mkubwa mwenye mgongo wa kufikia juu. Embe linamtegemea sana nzi, huyu huyu tunayempiga kwa kitambaa. Ripoti ya jopo la kimataifa la bioanuwai, IPBES, ya mwaka 2016 ilieleza kwamba zaidi ya robo tatu ya aina za mazao makuu ya chakula duniani hutegemea kwa kiasi fulani wanyama wachavushaji, na kwamba dunia ina zaidi ya spishi 20,000 za nyuki, karibu zote wakiwa wa mwituni, wasio na mzinga wala mwenyewe. Hao wa mwituni ndio nyuki ambao kwetu hawahisabiwi na mtu.

Uingereza wana mpango wa kuwafuatilia wachavushaji ulioanza mwaka 2017, na sehemu yake moja hufanywa na mtu yeyote anayetaka: mstaafu, mwanafunzi, mama mwenye bustani. Kanuni yake ni nyepesi. Siku iwe kavu na yenye joto. Chagua kipande cha nusu mita kwa nusu mita chenye maua unayoyajua, hisabu maua, kisha kaa dakika kumi uandike kila mdudu anayetua juu yake. Huulizwi jina la spishi. Unaulizwa kundi tu: nyuki wa asali, nyuki wengine, nyigu, nzi, kipepeo, mbawakawa. Hakuna mtego wala hakuna kuua. Nilipoisoma kanuni hiyo niliona haina kitu ambacho Kengeja haina, nikaichukua mpaka kondeni kwa shangazi yangu, kwenye matuta yake ya tungule.

"Wafanyani hapo, mwanangu?"

"Nahisabu wadudu wanaokuja kwenye maua, shangazi."

"Wanaokula?"

"Wanaotua."

Akanitazama kidogo, jembe begani. "Haya. Usinikanyagie matuta."

Dakika kumi ni muda mrefu kuliko anavyodhani asiyejaribu. Mwanzoni huoni kitu, na mkono unaitafuta simu. Baadaye macho yanatulia, ukaona sisimizi aliyekuwapo muda wote, ukaona nzi mdogo wa kijani anavyongoja chini ya jani. Ua la tungule lenyewe ni la kuangaliwa. Limeinamisha kichwa, na sehemu zake za kiume zimeshikana zikafanya bomba la manjano lenye tundu nchani, chavua imefungiwa ndani. Nyuki wa asali hana ufundi wa kulifungua. Mara akaja nyuki mwengine, mnene, mwenye manyoya, na mistari ya buluu tumboni. Akaliuma bomba kwa taya zake, akajikunja kulizunguka, mbawa zikatulia, kisha mwili wake wote ukatetemeka kwa sauti nyembamba, kali kuliko ile aliyokuja nayo. Chavua ikammwagikia tumboni. Hazikupita sekunde tatu akahamia ua la pili, na pale alipouma pakabaki alama ndogo ya hudhurungi, ambayo tangu siku ile naitafuta kwenye kila ua la tungule.

Nikamwita shangazi. Aliinama, akasubiri, nyuki akarudi kwenye tuta la pili na kutetemeka tena. "Huyu!" akasema. "Miaka yote namsikia. Sikujua ni sauti ya kazi."

Amelima tungule tangu ujana wake. Ninaiandika kauli yake kwa heshima, kwa sababu nimeikuta kwa watu wengi na kwa mambo mengi: tunaishi na sauti ya kazi ya wengine masikioni mwetu, wala hatugeuki. Ukimwambia mtu wa konde "chunga mazingira" atakuitikia kwa adabu na kuendelea na yake. Ukimkalisha dakika kumi mbele ya ua lake mwenyewe, maneno mengine hayahitajiki.

Siku nyengine, tuta lile lile, dakika kumi zilipita hakutua mdudu hata mmoja. Jua lilikuwapo, maua yalikuwapo. Hapo ndipo kazi hii ilipoonesha uzito wake. Aliyeona nyuki watano huandika kwa furaha. Asiyeona kitu hushawishika kusema siku hii haifai, au kusogea kidogo kwenye kichaka cha jirani chenye uhai zaidi na kuanza upya. Kanuni inakataza. Kipande ni kile ulichokichagua kabla, na usipoona mdudu unaandika sifuri, unaweka tarehe na saa, unaondoka. Wakiachiwa watu kumi wa kijiji kuzitupa sifuri zao, daftari litaonesha nyuki tele kila mwaka, hata mwaka ambao nyuki wamekwisha.

Nimelifikiria sana jambo hili la sifuri, maana sisi watu wa visiwani hatukuzoea kuliandika. Barua na simu kwa ndugu walioko Unguja, Dar es Salaam au Maskati husema sote wazima, hata kama kisima kimeingia chumvi na mtoto wa pili ameacha skuli. Ripoti ya kamati husema kikao kilifanyika kwa mafanikio. Tunaona haya kupeleka mkono mtupu, na haya hiyo ina mizizi mizuri, ni ustahamilivu na kutomlemea mwenzio. Lakini imetufanya tuwe watu wenye kumbukumbu za neema tu. Mzee anasema zamani ukipita njia ya Mtambile wakati wa maua ya miembe, ilikuwa lazima ujifunike uso kwa wadudu. Ninamwamini. Hata hivyo hakuna aliyeandika wakati huo walikuwa wangapi, wala ni mwaka gani walianza kupungua, kwa hiyo ushuhuda wake unaishia barazani.

Kule Ujerumani, katika mji wa Krefeld, kipo chama cha wapenda wadudu kilichoundwa mwaka 1905. Wanachama wake wengi si wanasayansi wa kulipwa. Kuanzia mwaka 1989 waliweka mitego ya aina moja katika maeneo yaliyohifadhiwa, wakapima uzito wa wadudu walionaswa, wakaandika na kuhifadhi. Walifanya hivyo miaka na miaka bila ya dunia kuwasikiliza. Mwaka 2017 takwimu zao za maeneo 63 zilichapishwa, na zilionesha kwamba katika miaka 27 uzito wa wadudu warukao ulikuwa umepungua kwa zaidi ya asilimia 75. Habari ile iliitikisa Ulaya nzima. Kinachonigusa mimi ni ile miaka ya katikati, pale mtu alipokuwa anakwenda hifadhini kwenye mvua kubadilisha chupa, hajui kama kuna atakayeitaka hesabu yake. Angeruka mwaka mmoja tu kwa uvivu, pangebaki pengo lisilozibika, maana mdudu wa mwaka jana huwezi kurudi kumhisabu.

Na sisi Pemba tusijione wageni katika jambo hili, kwa sababu tunao mfano wetu wenyewe. Popo wa Pemba, yule mkubwa mwenye manyoya ya rangi ya machungwa iliyokoza, hapatikani popote duniani isipokuwa kisiwani hapa. Naye ni mchavushaji: hula matunda, hulamba maua, hubeba chavua na mbegu kutoka shamba hadi shamba. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 walikuwa wamebaki maelfu machache kwa kuwindwa na kwa kukatwa miti, na mwaka 1996 aliorodheshwa kimataifa katika daraja la walio hatarini kabisa kutoweka. Wanavijiji wakaunda vikundi vya kuwalinda, cha Kidike kikiwa ndicho kinachojulikana zaidi, wakishirikiana na idara ya misitu na wahifadhi kutoka nje. Walilinda miti wanayolala, wakasema na wawindaji, na popo wakahisabiwa. Hesabu zilizochapishwa mwaka 2010 zilikadiria kiasi cha popo 20,000, na mnyama alikuwa ameshashushwa kutoka katika lile daraja la hatari kubwa. Wale waliosimama Kidike chini ya miti hawakuwa maprofesa. Walikuwa watu wa konde na wa bahari kama sisi wa Kengeja.

Basi anayeniambia kazi hii ni ya wataalamu ninamjibu kwa Kidike. Wataalamu tunawahitaji, tena sana. Dino Martins, mwanasayansi Mkenya wa wadudu, aliandika mwongozo wa wachavushaji wa Afrika Mashariki uliotolewa na Nature Kenya mwaka 2014, na mtu akiupitia hawezi tena kumwita kila mdudu wa ua nyuki. Lakini mtaalamu mmoja hawezi kuwa Kengeja, Mwambe na Chokocho asubuhi moja, wala hawezi kukaa miaka 20. Mwenye kukaa ni mwenyeji. Makosa ya mwenyeji yanarekebishika. Wapo nzi waliovaa mistari ya nyuki, na mtu huwachanganya mpaka aoneshwe: nzi ana mbawa mbili, nyuki ana nne, nzi macho yamejaa kichwa kizima na vipapasio vifupi. Watoto hulishika hilo upesi kuliko wakubwa. Mmoja alinisahihisha mbele ya wenziwe, na alikuwa na haki.

Kilichonishughulisha zaidi ni papai. Huko Kenya Martins na mwenzake walionesha kwamba papai la shambani huchavushwa na nondo wakubwa wanaoruka jua likizama, na kwamba mashamba yaliyo karibu na pori hupata nondo zaidi. Sasa jua likizama Kengeja ni Magharibi. Saa ile ile nondo anapotoka, wanaume wako msikitini na wanawake wako kwenye msala nyumbani. Nililizungumza na shangazi, naye akaona mara moja njia ambayo mimi sikuiona: mipapai yetu karibu yote imo uani, na baina ya Magharibi na Isha watu wa nyumba wako uani hata hivyo. Anayekoka moto na kuongeza nazi chunguni anaweza kukaa dakika kumi na ua la papai. Kwa hiyo hesabu ya nondo itakuwa mikononi mwa wanawake, na nahisi itakuwa hesabu bora kuliko ya mchana.

Mjomba yeye ni wa tikiti na maboga, na alikuwa akipiga dawa ya wadudu asubuhi kwa sababu asubuhi hakuna upepo. Sikumhubiria. Nilimwomba akae nami kitako kwenye ua la boga tangu linapofunguka alfajiri. Alihisabu yeye, mimi nikaandika. Kabla ya adhuhuri maua yakawa yamefumba, na nyuki wote walikuwa wameshakuja na kuondoka. Akaishika ile karatasi akaisoma juu mpaka chini, akaniuliza saa za kila mstari. "Kwa hiyo mimi dawa yangu huipiga wakiwamo ndani," akasema. Sasa hupiga jioni, maua yakiwa yamefumba. Hakubadilika kwa sababu nilimwambia nyuki ni muhimu, hilo ameshalisikia redioni mara nyingi. Alibadilika kwa hesabu aliyoifanya kwa macho yake, katika konde lake, ikiwa na saa zake pembeni.

Na tuna la ziada la kutufanya tuanze. Chozi wa Pemba naye ni wa hapa tu, kama popo, hana kisiwa chengine cha kukimbilia. Ukiacha kumhisabu hapa hakuna pengine atakapohisabiwa. Hili huwaeleza vijana wa skuli kila ninapopata nafasi, na naona namna migongo yao inavyonyooka wanapojua kwamba kipo kitu ambacho dunia nzima inawategemea wao kukiangalia.

Daftari ninalolipendekeza ni la mistari mipana, la kawaida, la dukani. Safu ya kwanza tarehe, ya pili saa, ya tatu ua gani na maua mangapi, kisha makundi ya wadudu, na chozi wawe na safu yao. Pasiwe na sehemu tupu: asiyeona aandike 0, asiyekaa aandike kwamba hakukaa. Nakala moja ibaki skuli, moja kwa sheha, na kila mwisho wa msimu mtu apige picha kurasa zote azipeleke Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, wapate kuzisoma wenye ujuzi na watusahihishe. Tuanze kipupwe, mbaazi zikichanua, kwa sababu mbaazi ziko karibu na kila nyumba na nyuki wake ni wakubwa, hata mwanafunzi wa mara ya kwanza hawapotezi. Watu wa Mwambe wameshauliza kama wanaweza kuwa na daftari lao. Waweke, na tukubaliane tangu mapema kipande kiwe cha nusu mita na dakika ziwe kumi, ili siku tutakapoyalinganisha pasiwe na wa kusema wetu walikuwa wengi kwa sababu tulikaa zaidi.